Félix d'Hérelle: Mla Bakteria na Aliyemgundua

Makala haya yanadhamiria kusimulia maisha ya Félix d'Hérelle, mtu aliyeupa ulimwengu neno bakteriofaji na, pamoja na neno hilo, wazo kwamba maradhi yaletwayo na bakteria yanaweza kutibiwa kwa kuwaachilia bakteria hao adui wao wa asili. Kwa wanabayolojia jina lake si geni. Kwa wanafunzi wa Kiswahili huenda likawa geni, nasi tunaamini wanayo sababu yao mahususi ya kulijua. Mgogoro mkubwa wa maisha yake ulikuwa mgogoro wa kiumbe na kitu, mgogoro ambao sarufi ya lugha yetu humlazimisha kila msemaji kuukata kabla hajaifikisha sentensi mwisho. Tutalirejelea hilo mahali pake.

D'Hérelle mwenyewe alisema kwamba alizaliwa Montreal, Kanada, na waandishi wengi waliomfuata wakairudia kauli hiyo kwa miaka na mikaka. Hati za Ufaransa zinaeleza mengine: alizaliwa Paris tarehe 25 Aprili 1873, akaandikishwa kwa jina la Hubert Augustin Félix Haerens. Tunalitaja jambo hili mapema ili msomaji awe na tahadhari. Huyu ni mtu aliyejiunda mwenyewe na kuisimulia hadithi yake mwenyewe, na sehemu kubwa ya yale tunayoyajua kumhusu yametoka kinywani mwake.

Elimu yake ya sayansi hakuipata chuoni. Hakuwa na shahada ya udaktari wala ya bayolojia. Mwishoni mwa karne ya 19 alihamia Kanada pamoja na mkewe, Marie, akajifunza habari za vijidudu kwa kusoma vitabu na kwa kufanya majaribio katika maabara aliyoijenga nyumbani. Akiwa huko alishirikiana na nduguye katika kiwanda cha chokoleti kilichofilisika, na serikali ikampa kazi ya kutafuta namna ya kutengeneza kileo kutokana na utomvu mtamu wa miti ya mepo. Mwaka 1901 alikwenda Guatemala kuwa mtaalamu wa bakteria katika hospitali ya mji mkuu, na huko akaagizwa atengeneze wiski kwa ndizi. Mwaka 1907 akahamia Mexico, safari hii kukamua kileo kutoka kwa makapi ya mmea wa jamii ya mkonge. Ndizi na mkonge: mazao tunayoyajua vizuri Afrika Mashariki, ingawa matumizi hayo ya mkonge sidhani kama wakulima wetu waliwahi kuyawazia.

Ni nzige waliomtoa katika vileo. Mwaka 1910, akiwa Mexico, aliona nzige wakifa kwa kuhara, akawatoa tumboni bakteria ambao alidhani ndio waliowaua. Akaona: kama bakteria hao wanaua nzige wachache, kwa nini wasinyunyiziwe kundi zima? Alialikwa Argentina na baadaye Afrika Kaskazini kuijaribu mbinu hiyo, na kwa maelezo yake ilifaulu. Wengine walioijaribu hawakupata matokeo kama yake. Hapo tayari tunaliona umbo la maisha yake yote: jicho kali la kuona kile ambacho wengine hawakioni, mkono mwepesi wa kukitumia, na subira haba ya kukithibitisha.

Kuna jambo jingine aliloliona katika kazi ya nzige. Juu ya sahani za kuoteshea vijidudu, pale ambapo bakteria walitarajiwa kutanda kama ukungu, palitokea mara kwa mara viduara vitupu, safi, kana kwamba mtu amepangusa kwa ncha ya kidole. Wengi wangeitupa sahani kama hiyo kwa kudhani imeharibika. Yeye aliliweka jambo hilo moyoni.

Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alikuwa katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, msaidizi asiyelipwa mshahara, akishughulika na utengenezaji wa mamilioni ya dozi za chanjo kwa ajili ya wanajeshi. Mwaka 1915 kikosi cha askari wapandafarasi kilichokuwa Maisons-Laffitte, karibu na Paris, kilipatwa na kuhara damu, naye akatumwa kuchunguza. Alichukua kinyesi cha wagonjwa, akakichuja katika chujio la kaure lenye vitundu vidogo mno kiasi kwamba bakteria hawawezi kupenya, kisha akautia mchujo huo katika chupa zenye bakteria wa maradhi hayo. Viduara vile vitupu vikatokea tena. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alimfuata mgonjwa mmoja siku baada ya siku akirudia jaribio lilelile bila ya kupata lolote, hadi asubuhi moja alipoifungua kabati ya maabara na kukuta mchuzi uliokuwa mzito kwa bakteria jana yake umekuwa maji maangavu. Bakteria wote walikuwa wameyeyuka kama sukari ndani ya chai. Alikwenda mbio wodini, na kumbe usiku uleule mgonjwa alikuwa ameanza kupata nafuu.

Mawazo yaliyomjia wakati huo ndiyo yaliyomwongoza hadi kaburini. Ndani ya mchujo mlikuwa na kiumbe asiyeonekana kwa darubini, mdogo kuliko bakteria, anayeishi kwa kuwala bakteria. Kiumbe huyo alikuwa ameongezeka tumboni mwa mgonjwa, na yeye, wala si dawa ya daktari, ndiye aliyemponya. Taarifa fupi kuhusu ugunduzi huo iliwasilishwa mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa mwezi wa Septemba mwaka 1917. Jina alikuwa amekwisha kulitunga, kwa kuunganisha neno bakteria na kitenzi cha Kiyunani kiitwacho phagein, yaani kula. Alieleza kwamba hakukusudia kula kwa maana ya kutafuna, bali kuishi na kustawi kwa hasara ya mwingine. Hapa Kiswahili hakimlazimishi mtu kueleza sana. Kutu hula chuma, mchwa hula nguzo, deni hula mshahara. Mla bakteria ingekuwa istilahi nyofu, na pengine waundaji wa istilahi wetu wangefanya vyema kuitafakari badala ya kuishia kwenye utohozi.

Je, alikuwa wa kwanza? La. Mwaka 1896 Mwingereza Ernest Hankin, aliyekuwa India, aliandika kwamba maji ya mito Ganges na Jumna yanaua bakteria wa kipindupindu hata yakishachujwa, lakini yakichemshwa hupoteza nguvu hiyo. Mwaka 1915 Mwingereza mwingine, Frederick Twort, alichapisha katika jarida la Lancet habari za makundi ya bakteria yaliyogeuka kuwa angavu kama kioo na kufa, na akataja kirusi kuwa mojawapo ya sababu zinazowezekana. Twort hakuendelea. D'Hérelle alisisitiza hadi mwisho kwamba hakuijua kazi hiyo, na kwamba alichokiona Twort ni kitu kingine. Katika dai la pili alikosea. Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Twort aliona tukio, ila d'Hérelle ndiye aliyeona kwamba tukio hilo ni maisha ya kiumbe na kwamba kiumbe huyo anaweza kuwa dawa.

Dawa ya moto ni moto, na hakukawia kuujaribu moto wake. Mwaka 1919 alianza na kuku waliokuwa wakifa kwa homa ya matumbo ya kuku katika mashamba ya Ufaransa. Mwaka uohuo alikwenda katika hospitali ya watoto mjini Paris, kwa Profesa Hutinel, akiwa na chupa ya bakteriofaji wa kuhara damu. Hutinel alikubali kwa sharti moja la haki: wenye dawa wainywe kwanza. Basi d'Hérelle, profesa mwenyewe na madaktari wanafunzi kadhaa wakainywa, wakalala, wakaamka salama. Kesho yake alipewa mvulana wa miaka 12 aliyekuwa akiharisha damu mara kumi na zaidi kwa siku. Alipewa dozi moja tu, dalili zikakoma, naye akapona katika siku chache. Mwezi uliofuata waliletwa ndugu watatu wa umri wa miaka 3, 7 na 12, ambao dada yao alikuwa amekwisha kufa nyumbani kwa maradhi hayohayo. Nao walianza kupata nafuu kabla ya saa 24 kupita.

Mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake hangeweza kulaumiwa kwa kuamini. Lakini kuhara damu ni ugonjwa ambao wengine hupona bila ya dawa yoyote, na watoto wanne hawatoshi kumwonyesha mtu ni nani aliyepona kwa dawa na nani aliyepona kwa bahati. Swali hili, ambalo tutalikuta tena mbele, d'Hérelle hakulipenda.

Kitabu chake kikuu cha kwanza kilitoka mwaka 1921, na vita vikaanza. Mpinzani wake alikuwa Jules Bordet wa Brussels, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1919, bingwa wa elimu ya kinga mwilini. Bordet hakukana kwamba bakteria huyeyuka. Alichokana ni kuwapo kwa mlaji. Kwake, bakteria huyeyuka kwa kimeng'enya wanachokitoa wao wenyewe, na kimeng'enya hicho humchochea bakteria jirani kutoa kingine. D'Hérelle alijibu kwamba kimeng'enya kikipunguzwa kwa maji kinapungua nguvu kila mahali kwa usawa, ilhali mchujo wake ukipunguzwa, idadi ya viduara ndiyo inayopungua, lakini kila kiduara kinachobaki ni kamili. Kitu kinachohesabika moja, mbili, tatu, na kinachozaa mfano wake, hakiwezi kuwa maji tu. Ilikuwa hoja nzuri sana, na sahihi.

Sasa tulifikirie jambo hili kwa jicho la mwanaisimu. Mfaransa aliweza kuandika neno bakteriofaji kurasa mia tatu bila ya kuonyesha yuko upande gani, kwa kuwa ngeli za lugha yake hazitofautishi chenye uhai na kisicho nao. Mswahili hana fursa hiyo. Akisema bakteriofaji anawala bakteria, amekwisha kumpigia kura d'Hérelle, na akisema bakteriofaji inawayeyusha bakteria, amesimama na Bordet. Hakuna upatanisho wa katikati. Waama mambo hayajatulia hadi leo: picha zimeonyesha kwamba bakteriofaji ni kirusi, na wanabayolojia bado wanajadili iwapo kirusi kina uhai. Sisi virusi tumevitia katika KI-VI na kuvipatanisha kama vitu, kisha tunawapa bakteria upatanisho wa A-WA kama wadudu. Katika makala haya bakteriofaji amepewa A-WA, na atakayetukosoa ajue kwamba anamkosoa d'Hérelle vilevile.

Ugomvi huo haukumjengea marafiki. Katika Taasisi ya Pasteur alikuwa na uhasama na Albert Calmette, mmoja wa wakubwa wake, na kufikia mwaka 1921 hakuwa hata na chumba cha kufanyia kazi. Édouard Pozerski alimwonea huruma akampa nafasi katika maabara yake. Mwaka uliofuata aliondoka kwenda Leiden, Uholanzi. Chuo kikuu cha huko kikamtunukia shahada ya heshima, na mwaka 1925 akapewa nishani ya Leeuwenhoek, ambayo Louis Pasteur aliipata miaka 30 kabla yake. Kwa mtu asiye na cheti, hilo halikuwa jambo dogo.

Kutoka Uholanzi alikwenda Aleksandria, Misri, kuongoza huduma ya bakteria katika baraza la karantini lililokagua vyombo vilivyopita mfereji wa Suez. Mwaka 1925 meli moja ilifika ikiwa na wagonjwa wanne wa tauni. Aliwadunga bakteriofaji ndani ya mitoki iliyovimba, na wote wanne wakapona. Taarifa hiyo ilivuma, Serikali ya India ikamwita, naye akafanya kazi huko mwaka 1927 juu ya kipindupindu. Wakati huohuo mwandishi Mmarekani Sinclair Lewis alichapisha riwaya ya Arrowsmith, inayomhusu daktari anayejaribu bakteriofaji dhidi ya tauni kisiwani na kujikuta njia panda: ampe kila mtu dawa kwa huruma, au awanyime nusu ya watu ili apate ushahidi. Mwandishi wa riwaya aliliona tatizo kwa uwazi kuliko wanasayansi wengi. Mhusika wake aliteseka kwa swali hilo. D'Hérelle, kadiri tuwezavyo kuhukumu kwa matendo yake, alichagua upande wa dawa.

Mwaka 1928 alipata uprofesa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Hapakukalika. Kila kiangazi alikuwa Paris akishughulikia maabara yake ya biashara, wakubwa wa chuo wakanung'unika, naye akajiuzulu mwaka 1933.

Maabara hiyo ya Paris inatufikisha kwenye ugonjwa ambao umeshughulisha matabibu wa bakteriofaji kuliko mwingine wowote baada ya maradhi ya tumbo, nao ni maambukizi ya njia ya mkojo. Miongoni mwa dawa zilizotengenezwa humo ilikuwamo Bacté-Coli-Phage, iliyolengwa kwa bakteria aitwaye koli. Koli huishi utumboni mwa kila mtu bila ya kumdhuru. Akipanda hadi kwenye kibofu, mwanamke hasa, kwa kuwa njia yake ya mkojo ni fupi, huleta yale ambayo wengi wanayajua: haja ndogo inayochoma, inayokuja kila mara na kutoka matone. Akipanda zaidi hadi kwenye figo, huleta homa na hatari ya kweli. Zaidi ya nusu ya maambukizi yote ya njia ya mkojo hutokana na yeye. Kabla ya dawa za salfa katika miaka ya 1930 na penisilini katika miaka ya 1940, daktari alikuwa na machache ya kumpa mgonjwa kama huyo.

Kwa bakteriofaji, kibofu ni uwanja mzuri. Bakteria kwa kawaida ni wa aina moja, wamekusanyika mahali pamoja, na mahali penyewe pana njia ya kuingilia kwa mpira wa mkojo. Faji hujibandika juu ya bakteria kwa mkia, humpenyezea chembe zake za urithi, na bakteria hugeuzwa kiwanda cha kutengenezea faji wengine. Baada ya muda wa takriban nusu saa hupasuka na kumwaga makumi au hata mamia yao, nao hutafuta mawindo mapya. Ni dawa inayojizidisha yenyewe maadamu ugonjwa upo, na inayokoma chakula kinapokwisha. Ugumu ni kwamba faji ni mteuzi kupita kiasi. Huyu anamla koli wa mgonjwa wa kwanza na kumwacha koli wa mgonjwa wa pili, wawili ambao kwa darubini hawatofautiani hata kidogo. D'Hérelle alilijua hilo vyema, na aliandika kwamba kabla ya tiba ni sharti bakteria wa mgonjwa watolewe na kujaribiwa na faji anayekusudiwa.

Wafanyabiashara hawakuwa na wasaa wa kusubiri. Katika miaka ya 1920 na 1930 kampuni za Ulaya na Marekani zilitoa dawa za bakteriofaji kwa kila aina ya maradhi, hata yale yasiyosababishwa na bakteria. Chupa nyingine zilitiwa kemikali ya kuhifadhi dawa isioze, na kemikali ileile ikawaua faji. Mgonjwa alikunywa maji.

Mwaka 1934 Chama cha Madaktari cha Marekani kilichapisha uchunguzi mrefu wa Monroe Eaton na Stanhope Bayne-Jones, waliopitia maandishi zaidi ya mia moja kuhusu tiba hiyo. Hukumu yao ilikuwa kali. Walisema kwamba nadharia ya kirusi hai haijathibitishwa na kwamba huenda bakteriofaji ni kimeng'enya tu. Katika hili walikosea, na d'Hérelle alikuwa sahihi. Lakini walisema vilevile kwamba ushahidi wa tiba umechanganyika, na kwamba ni katika majipu ya stafilokoki na pengine katika uvimbe wa kibofu tu ndipo pana ushahidi wa kushawishi kidogo. Katika hili, kwa maoni yetu, walikuwa waadilifu. Ni desturi ya wanaomtukuza d'Hérelle kuitaja ripoti hii kama kisu alichochomwa mgongoni. Anayeisoma kwa utulivu ataona kwamba waandishi waliomba kile ambacho yeye alikuwa na miaka 15 ya kukitoa: kundi la wagonjwa waliopewa dawa, likilinganishwa kwa haki na kundi la wasiopewa.

Wakati ripoti hiyo inatoka, d'Hérelle alikuwa mbali sana na Marekani. Rafiki yake George Eliava, Mgeorgia waliyejuana Paris, alikuwa ameanzisha taasisi ya bakteria mjini Tbilisi mwaka 1923, nayo sasa ilikuwa ikigeuzwa makao makuu ya bakteriofaji katika Muungano wa Kisovieti. D'Hérelle alikwenda huko kati ya mwaka 1933 na 1935. Aliyekuwa amechoshwa na biashara ya dawa aliona kwamba amefika mahali ambapo tiba ni mali ya umma, na kitabu alichokiandika huko, kilichochapwa kwa Kirusi kwa tafsiri ya Eliava mwaka 1935, alimtabarukia Stalin. Ni ukurasa usiopendeza kusoma. Mwaka 1937 Eliava alikamatwa, akaitwa adui wa umma na kuuawa. D'Hérelle alikuwa Ufaransa wakati huo, na hakurudi Georgia tena.

Vita Vikuu vya Pili vilimkuta Ufaransa, akazuiliwa nyumbani Vichy chini ya Wajerumani. Huko aliandika kumbukumbu zake. Mwaka 1940, ulimwengu ukiwa vitani, wataalamu wa Ujerumani walichapisha picha za darubini ya elektroni zilizomwonyesha bakteriofaji kwa mara ya kwanza: kichwa cha mviringo, na mkia. Mlaji aliyebishaniwa kwa miaka 23 alikuwa na umbo. Bordet alikuwa hai. D'Hérelle alikuwa hai. Lakini penisilini nayo ilikuwa ikija, na katika nchi za Magharibi hakuna aliyekuwa na haja ya mlaji mteuzi wakati alipo mwuaji wa jumla.

Jina lake lilipendekezwa mara nyingi kwa Tuzo ya Nobel, wala hakuipata. Alikufa Paris kwa saratani ya kongosho tarehe 22 Februari 1949, akazikwa Saint-Mards-en-Othe, kijiji cha Ufaransa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1952, Alfred Hershey na Martha Chase walimtumia bakteriofaji wa koli kuonyesha kwamba urithi unabebwa na DNA. Mwaka 1969 Hershey, pamoja na Max Delbrück na Salvador Luria, alipewa Nobel kwa kazi juu ya faji. Kiumbe aliyekataliwa kuwa dawa alikuwa amekuwa mwalimu wa elimu nzima ya urithi.

Taasisi ya Tbilisi haikufa pamoja na mwanzilishi wake. Iliendelea kuwatengeneza faji katika enzi yote ya Kisovieti, ikapita katika dhiki ya miaka ya 1990, na sasa inaitwa kwa jina la Eliava. Kadiri bakteria walivyozidi kuwa sugu kwa viuavijasumu, macho ya Magharibi yaliirudia, na ugonjwa uliochaguliwa kwa jaribio la haki ulikuwa ule wa kibofu. Matayarisho yenyewe yanavutia. Mchanganyiko wa faji uitwao Pyo ulijaribiwa kwanza dhidi ya bakteria waliotolewa kwenye mikojo ya wagonjwa, na asilimia 41 ya bakteria hao wakayeyuka. Faji wakazoeshwa kwa duru kadhaa, yaani wakalishwa bakteria wagumu hadi wakajifunza kuwala, na kiwango kikapanda hadi asilimia 75. Kisha wanaume waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wa tezi dume, wenye maambukizi ya mkojo, wakagawanywa kwa kura: baadhi waliingiziwa faji katika kibofu mara mbili kwa siku, siku saba, baadhi waliingiziwa kiowevu kisicho na dawa, na baadhi walipewa viuavijasumu. Mgonjwa wa kundi la kwanza na la pili hakujua amepewa kipi, wala daktari wake.

Matokeo yalichapishwa na timu ya watafiti wa Uswisi na Georgia katika jarida la Lancet Infectious Diseases mwaka 2021 chapa, baada ya kutangulia mtandaoni mwaka 2020. Mkojo ulisafika kwa wagonjwa 5 kati ya 28 waliopewa faji, 9 kati ya 32 waliopewa kiowevu kitupu, na 13 kati ya 37 waliopewa viuavijasumu. Kitakwimu makundi hayo hayakutofautiana, na faji hawakuleta madhara zaidi. Inawezekana kwamba kule kuosha kibofu kwenyewe kulisaidia, na kwamba idadi ya wagonjwa haikutosha kuonyesha tofauti. Inawezekana pia kwamba faji kama alivyotumiwa hapo hafai kwa ugonjwa huo. Kundi la walioingiziwa kiowevu kitupu ndilo lile ambalo d'Hérelle hakuwa nalo mwaka 1919 katika wodi ya Hutinel.

Huko Tbilisi kazi inaendelea. Mgonjwa wa maambukizi ya mkojo anayekuja kutafuta tiba hiyo hupimwa kwanza, bakteria wake wakaoteshwa na kujaribiwa na faji waliomo ghalani. Pasipopatikana anayewala, watafiti huteremka na chupa zao kwenye maji taka na kwenye mto Mtkvari upitao katikati ya mji, kwenda kumtafuta.